Nguo za Mtu Aliyeko Porini

4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nakusalimu nikiwa mzima, goti tu ndilo linalonung'unika nikipanda ngazi. Baba yako mdogo hajambo, mkewe hajambo, watoto wao wamefunga shule na wanavunja vitu. Mama cherehani wa ghorofa ya chini anakusalimu. Amesogeza cherehani yake hadi mlangoni, anasema anatafuta mwanga. Mwanga gani? Anatafuta kuona nani anapanda na nani anashuka, ili apate la kumwambia baba yako mdogo akimpigia simu.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kile kikaratasi ulichoniachia mezani nimekisoma nimesimama, nimekisoma nimekaa, na bado hakijaniingia. Umechukua likizo ya duka la miwani, ukapanda basi, ukaenda porini kujifunza kuishi kama mababu. Mababu gani, mwanangu? Babu yako alikuwa karani wa bima. Alivaa tai hata siku ya mapumziko, na akiona mende alipanda kitandani akaniita mimi. Baba yake alikuwa mpishi wa hoteli. Mimi nimepiga taipu mahakamani mpaka nikastaafu. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kulala nje, isipokuwa mjomba wa baba yako, na yeye alifungiwa mlango na mkewe.

Halafu nasikia huko simu hamruhusiwi, barua zinapelekwa na lori la maji. Haya, nimetoa kalamu.

Msimamo wa baba yako mdogo unaujua tangu nilipoanguka jikoni mwaka jana. Alisema nikiwa na mtu wa kukaa naye nitabaki kwangu, nikiwa peke yangu anakuja kunichukua. Kwake ni kule mji mwingine, kile chumba cha nyuma, dirisha linatazama tangi la maji. Mimi nyumba hii niliingia bibi harusi na nataka kutoka humu nimebebwa. Mtoto wangu hajui kwamba umeondoka. Kila akipiga simu namwambia uko kazini. Rudi mwisho wa mwezi huu, usinizidishie uongo.

Bibi yako, mtu wa lami

19 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Nisalimie baba mdogo na jeshi lake, na mama cherehani mwambie mwanga wa kweli uko juu ya paa. Mimi sijambo ila viganja. Vina malengelenge yaliyopasuka na mengine yanayosubiri zamu.

Hayo ya mababu yalikuwa kwenye tangazo tu, usiyashikilie. Tunajifunza kukaa porini bila kitu cha dukani. Tunasokota kamba kwa magome, tunajenga vibanda vya majani, tunafukua maji kwenye mchanga wa mto uliokauka. Wenzangu ungewaona ungecheka hadi ushike ukuta. Kuna meneja wa benki aliyelia kwa sababu mchwa walikula kamba za viatu vyake. Kuna mume na mke waliokuja kuokoa ndoa. Walianza na kibanda kimoja, sasa wana viwili, na vinapeana mgongo. Kuna daktari wa meno anayetutajia majina ya miti bila kuulizwa, na kila mti anaukosea.

Moto ndio unaonitesa. Unapekechwa. Kuna kijiti chembamba kinaitwa ulindi, unakisimamisha kwenye kitundu cha kibao kinachoitwa ulimbombo, unakisokota katikati ya viganja mpaka utoke unga mweusi na unga ushike cheche. Mimi unga ninao, moshi ninao, cheche sina. Mwalimu anapita, anatazama, anasema, "Una haraka," anaondoka zake. Hayo ndiyo mafundisho.

Sitarudi mwisho wa mwezi, Bibi. Hatua inayofuata inaingia hadi Aprili. Baba mdogo mwambie nimesafiri kikazi. Na usiniulize kwa nini nimekuja huku. Nilitaka kutoka, nimetoka.

Mjukuu wako

6 Machi

Mke mwenza mtoro,

Marahaba. Barua yako imefika ina masizi, nimeishika kwa leso. Huku tu wazima. Mtoto wa mwisho wa baba yako mdogo amemeza kifungo, kimetoka, shukrani kwa Mungu. Bosi wako wa miwani alipiga simu. Nikamwambia unaumwa. Akauliza unaumwa nini, nikasema kichwa. Hapo sikuona kama nimedanganya.

Umesafiri kikazi. Muuza miwani anasafiri kikazi kwenda wapi, kuwapima sungura macho? Uongo wenyewe hujui kuutunga, na unataka nikusaidie kuusambaza. Niachie mimi, mimi ndiye niliyekaa mahakamani, najua ushahidi unavyopikwa.

Hebu sikiliza ninavyoishi kwa ajili yako. Mama cherehani aliniuliza mbona siku hizi nguo zako hazionekani kwenye kamba. Basi, kila Jumamosi natoa nguo zako safi kabatini, nazilowesha, nazianika kibarazani, jioni nazianua, nazipiga pasi, nazirudisha kabatini. Gauni lako la bluu limefuliwa kuliko ulivyowahi kulivaa. Viatu vyako naviweka nje ya mlango jioni, asubuhi naviingiza. Redio ya chumbani kwako naiwasha saa zile ulizokuwa unarudi, naiongeza sauti mpaka mimi mwenyewe nakereka, kisha nakukaripia uipunguze. Juzi nimekukaripia vizuri hadi nikasahau kwamba haupo.

Na huyo mwalimu wenu nimemchunguza. Mama cherehani alipoliona tangazo lako kwenye meza yangu alimtambua kwa picha. Alikuwa na duka la magodoro mtaa wa nyuma yetu, akafilisika. Yaani mtu ameshindwa kuwauzia watu magodoro, sasa anawafundisha kulala chini, na nyinyi mmepanga foleni. Mmoja wenu mjukuu wangu, niliyemsomesha mimi.

Sikuulizi kwa nini. Umesema nisiulize. Ila baba yako mdogo ameanza kusema anataka kuongea na wewe kwa sauti yako, na redio haijui kujibu simu.

Bibi yako

27 Machi

Bibi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tumepungua tu. Meneja wa benki ameondoka, alifuatwa na dereva wake. Wale wa ndoa, mke amebaki, mume ameenda. Mke anapika vizuri zaidi sasa.

Moto umewaka. Nilikaa chini na ulindi wangu tangu asubuhi, nimekasirika, sijali tena ukiwaka au usipowaka, na cheche ikashuka. Nikaiweka kwenye nyuzi kavu, nikaipuliza, ikashika. Nililia, Bibi. Daktari wa meno alidhani nimeungua akaanza kunishauri.

Hilo la magodoro nilimuuliza mwalimu mbele ya wote. Nilitaka aone haya. Akasema ni kweli kabisa, na magodoro yenyewe yalikuwa mabovu, akaendelea kuchonga kijiti. Sasa sijui nimdharau vipi.

Na wewe acha kufua nguo zangu. Kile kibaraza kikilowa kinateleza kama sabuni, na bibi mzima umening'inia kwenye kamba eti unatengeneza ushahidi. Ni upuuzi. Mwambie baba mdogo ukweli. Ni mtoto wako, hatakula mtu. Hata chumba cha nyuma si jela.

Kuanzia wiki ijayo naingia hatua ya mwisho. Kila mtu anakwenda sehemu yake msituni, anakaa peke yake mpaka mwalimu aje kumchukua, na mwalimu hasemi atakuja lini. Barua zitakazofika zitawekwa kwenye debe kwa mke wa mwalimu, hakuna wa kutuletea. Kwa hiyo nikikaa kimya usidhani nimenuna. Nataka kujua kama ninaweza kukaa mahali ambapo hakuna pumzi ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu, kama uliitaka.

Mjukuu wako

9 Aprili

Mjukuu wangu,

Huku hawajambo wote, leo sina habari za watu.

"Hata chumba cha nyuma si jela." Nimekusoma. Ungekuwa mbele yangu ningekutupia kikombe.

Lakini nilipofika pale kwenye pumzi ya mtu mwingine nikaweka miwani chini. Unadhani sikujua? Tangu nilipoanguka jikoni, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini ulikuwa unasimama nje ya mlango wangu. Nilikiona kivuli cha miguu yako chini ya mlango. Ulikuwa unasikiliza kama napumua. Siku nyingine ulisimama hadi ukachelewa kazini, kwa hiyo nikawa nakohoa makusudi, hata kifua kikiwa safi, ili uende. Nilidhani yataisha. Hayakuisha, ukaenda porini.

Nimeshaelewa ulichokifuata, na si kamba za magome. Umekwenda kufanya mazoezi ya kufiwa. Mimi nipo, nakula, natukana watu, nalipia umeme, na mjukuu niliyemlea tangu anatambaa yuko chini ya majani anajizoeza kukaa bila mimi. Mahakamani nilidharauliwa na mahakimu watatu na mawakili wasio na idadi, lakini hakuna aliyewahi kunizika mapema hivi. Nimeumia. Nakuambia wazi kwa sababu ukiwa hapa sitakuambia.

Sasa nisikilize. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu baba yako mdogo anakuja kula chakula cha mchana, anataka kukuona kwa macho yake. Nguo zako zinaweza kukaa kwenye kamba, haziwezi kukaa mezani zikala. Akikukosa, ninaondoka naye siku hiyo hiyo, na huko kwake nitakuwa mgeni mpaka nife. Najua barua hii inaweza kulala kwenye lile debe, lakini nakuomba uje. Neno hilo la kuomba sijamwandikia mtu tangu babu yako alipokuwa ananichumbia, na sitaliandika tena.

Bibi yako

29 Aprili

Mjukuu,

Mwandiko ni wa mama cherehani, maneno ni yangu. Sijambo. Mkono umeumia kidogo, si kitu. Baba yako mdogo alikuja Jumapili, ameona alichokiona, akalala hapa, na kesho ananichukua. Ufunguo wa nyumba anabaki nao huyu anayeandika, maana hata nisipompa ataingia. Kodi imelipwa hadi mwisho wa Juni, baada ya hapo vitu vitauzwa. Endelea na masomo yako.

Bibi yako

Mimi mama cherehani naongeza yangu, yeye amesinzia kwa dawa. Si kidogo. Mkono wa kulia umevunjika na nyonga imevimba, kutembea anashikiliwa. Alianguka kibarazani Jumamosi akianika nguo zako. Nilisikia kishindo nikapanda, nikamkuta chini, gauni lako la bluu liko juu yake, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba wewe umeshuka dukani sasa hivi.

Nilijua siku nyingi kuwa haupo. Nguo isiyo na jasho inafuliwa kila wiki, mimi ni fundi wa nguo, si kipofu. Mtoto wake akinipigia nilikuwa namwambia nimekuona ukipanda. Bibi yako ananiita mpelelezi, najua. Nilikuwa nasubiri tu urudi.

12 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Watu wa jengo hawajambo. Mama cherehani hajambo, ila ananiangalia kama mtu anayepima kitambaa kibovu.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya jikoni. Umekataa kuongea nami kwenye simu. Baba mdogo anasema akikupa simu unageukia ukutani unasema huna mjukuu, una sungura porini. Kwa hiyo naandika, maana barua huwezi kuigeuzia ukuta bila kuisoma kwanza. Nakujua.

Mwalimu alinitoa msituni asubuhi. Nikafika kambini najiona mkubwa, nimekonda, nina majivu mpaka kwenye nyusi. Mke wa mwalimu akafungua debe akanipa barua zako mbili pamoja. Nilianza na hii ya mwandiko nisioujua. Kisha nikasoma ya tarehe tisa. Kulikuwa na sherehe ya kutuaga, mwalimu alikuwa ameandaa hotuba. Nilimpita katikati ya hotuba nikapanda lori la maji.

Ulichoandika ni kweli chote. Niliogopa kufungua mlango wako nikukute umekwisha. Kila alfajiri. Kazini nilikuwa nampima mtu macho nimeshika lenzi, siioni. Nikaona bora nijifunze kabla halijatokea, ili likitokea nisianguke nami. Na huko msituni niliweza, Bibi. Moto niliwasha hata kuni zikiwa mbichi, chakula nilipata, mvua ilinipiga nikajenga upya. Sikuogopa nyoka, sikuogopa giza. Lakini kila alfajiri niliamka nikasikiliza, na nilichokuwa nasikiliza hakikuwepo, na ile hofu ya mlangoni kwako haikupungua hata kidogo. Hilo halina kozi. Nimekuacha ukiwa hai nikaenda kukukumbuka porini, wakati ningeweza kukaa hapa ukanikera. Nimekuwa mjinga, na ujinga wangu umekuvunja mkono.

Nimeongea na baba mdogo. Alinifokea, na alikuwa na haki. Mwishoni akasema kama nitakaa, wewe ndiye mwenye kuamua, yeye hatakuzuia wala hatakusukuma. Bosi wa miwani amenirudisha nusu siku, amesema kichwa kikiniuma tena nisihangaike kurudi. Fundi amefunga vyuma vya kushikilia bafuni na kibarazani, na kamba ya nguo nimeishusha, utaifikia umekaa.

Nakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu na gari la kukodi. Ukikataa sitagombana na wewe, nitakaa kwenye ngazi za baba mdogo mpaka ukubali. Kukaa nje sasa naweza, mnielewe wote.

Mjukuu wako

18 Mei

Mjukuu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo maneno ni machache na matusi nimeyabana.

Hapa hawajambo. Mke wa baba yako mdogo ananilisha kwa kijiko na kunipigia makofi nikimaliza. Watoto wameambiwa wasipige kelele kwa ajili yangu, sasa nyumba nzima wananong'ona kama tuko kwenye msiba, na maiti ni mimi. Tangi la maji linavuja. Nimewaambia mara nne, wananiitikia kwa upole, hakuna anayelitengeneza.

Barua yako nimeisoma. Sijakusamehe. Kunizika ukiwa mbali ni dharau kubwa, na mtu hafuti dharau kwa kufunga vyuma bafuni. Ukirudi kusimama nyuma ya mlango wangu alfajiri nitakurushia kiatu. Mlango huo una kitasa. Ukitaka kujua kama nipo, ingia uulize kama watu wengine, na siku utakayoingia usinikute, basi utakuwa umeingia, utalia, utaita majirani. Sisi sote ndivyo tulivyofanya kwa waliotutangulia, na hakuna aliyetupeleka porini kwanza.

Mama yako alipokufa ulikuwa huwezi hata kushika kijiko. Watu walinishauri nikupeleke kwa ndugu wenye nguvu. Nilikataa, na sikuwa nimejifunza popote.

Baba yako mdogo amekaa kitandani kwangu leo mchana, akaniuliza kama nina uhakika safari hii utakaa. Nimemwambia sina uhakika hata kidogo. Kisha nikamwambia anishushie sanduku langu lililo juu ya kabati.

Bibi yako